Damu Katika Mswaki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati)



 Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache juu ya afya, nadhani alitazamia niseme juu ya malaria au shinikizo la damu, kwa maana hayo ndiyo tuliyozoea kuyasikia katika mikutano yetu. Nilimjibu ya kuwa, kwa ruhusa yake, nitasema juu ya fizi za meno. Akaniuliza kama sikukosea katika kuandika. Sikukosea, na sasa nitawaelezeni sababu.

Katika taarifa ya mwaka tuliyosomewa asubuhi yamo mambo mazito: misiba, karo za watoto, na gharama za kuwasafirisha marehemu wetu kutoka hapa Pwani mpaka nyumbani Ukambani. Mbele ya mambo hayo, ufizi unaotoka damu kidogo asubuhi waonekana kuwa si kitu. Hata mimi naliona hivyo miaka mingi. Lakini yaliyotokea nyumbani kwetu yamenifundisha ya kuwa jambo hili dogo huweza kumwondoa mtu mzima katika baraza la wazee, naye yu hai na akili zake timamu.

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima, tena mzee wa baraza. Alikuwa akiijua mipaka ya mashamba ya kijiji chetu kuliko mtu ye yote, na watu waliposhindana juu ya shamba walimwita aseme. Kila asubuhi alichokoa meno yake kwa kijiti cha mti wa mswaki, kama walivyofanya baba zake. Alipofika umri wa miaka 40 hivi aliona damu katika kijiti. Jirani mmoja, mtu mwema asiyemtakia mabaya, akamwambia ya kuwa kijiti kile chaumiza fizi, heri azipumzishe. Baba akakubali. Akaacha kupiga mswaki, akawa asukutua maji tu. Damu haikukoma, ila yeye hakuiona tena.

Miaka ikapita. Meno yake ya mbele yakaonekana marefu, kisha yakaanza kuachana. Siku moja alikuwa akila mahindi ya kuchoma pamoja nasi, jino likabaki katika gunzi. Halikumwuma hata kidogo. Akacheka, akasema, "Uzee umebisha hodi." Wakati huo hakuwa ametimiza miaka 55. Baada ya hilo likafuata la pili na la tatu. Muthokoi, ambao aliupenda kuliko vyakula vyote, ukamshinda, akawa mtu wa uji. Lakini lililoniuma mimi si chakula. Katika baraza alianza kuziba kinywa kwa mkono anaposema, kwa kuwa harufu ilimtia haya. Halafu akawa akiketi nyuma. Mwisho akaacha kwenda kabisa, akinituma mimi nipeleke maneno yake. Wazee wenzake walidhani amewakasirikia. Hakuwakasirikia, alikuwa akiona aibu, naye hakuweza kuisema aibu yenyewe.

Basi na mimi nilipofika umri wa miaka 42 naliona damu katika mswaki wangu. Mngetazamia ya kuwa mtoto wa mtu yule angalijifunza. Hasha! Nalifanya yale yale: nikaacha kupiga mswaki upande uliotoka damu, nikanunua dawa ya kusukutua dukani, damu ikapungua kwa siku chache, kisha ikarudi. Siku moja nalimpeleka mwanangu katika kituo cha afya kwa ajili ya jino lililooza. Mama aliyekuwa akitibu meno pale alipomaliza kazi ya mtoto alinitazama, akaniona nimeziba kinywa kwa mkono ninaposema naye. Akaniambia, "Mzee, na wewe keti." Akatazama, kisha akasema maneno ambayo ndiyo hotuba yangu yote ya leo: "Damu hii haikuambii uache kupiga mswaki. Yakuambia ya kuwa hapa hujapiga mswaki sawasawa."

UKOGA NA KAZI YAKE

Mtu akiamka asubuhi akapitisha ulimi juu ya meno, huhisi utando wenye utelezi. Huo ndio ukoga. Watu wengi hudhani ni mabaki ya chakula. Kweli chakula huulisha, lakini ukoga wenyewe ni vijidudu vingi mno vilivyoshikana na kujibandika penye jino, hasa pale jino linapoingia katika ufizi, na katika nafasi baina ya jino na jino. Maji ya kusukutua hayauondoi, kama vile maji ya kumwagia tu yasivyoosha sufuria ya uji. Hapana budi kusugua.

Sufuria ya uji ikioshwa siku ile ile, kazi ni nyepesi. Ikiachwa mpaka ikauke, itataka kukwanguliwa. Ukoga nao una tabia hiyo. Ukikaa siku kadhaa, madini yaliyo katika mate huingia ndani yake, ukawa mgumu kama ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukisha kuwa hivyo, mswaki hauuwezi tena. Wataka kukwanguliwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, kwa vyombo vyake.

Ufizi ukikaa na ukoga huo kila siku, mwili huanza kupigana nao. Damu hukusanyika mahali pale, ufizi ukawa mwekundu, ukavimba, ukawa laini, na ukiguswa kidogo tu hutoa damu. Basi damu ile si kidonda kilichotiwa na mswaki. Ni alama ya vita iliyokwisha anza kabla mswaki haujafika. Mtu akiuacha mswaki, amemwondoa askari wake na kumwachia adui uwanja.

Pengine mmoja wenu atauliza: Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 1965 Profesa Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, walichapisha habari za jaribio walilolifanya. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawataka waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 mpaka 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Hakuokoka hata mmoja. Kisha wakaambiwa warudie kupiga mswaki vizuri. Kwa muda wa juma moja hivi fizi zao zikapona. Hawakutiwa sindano, wala hawakupewa vidonge. Lililowaletea ugonjwa ni kuacha, na lililowaponya ni kurudi.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa, nayo ina msamaha. Hatua ya pili haina msamaha wa namna hiyo. Jino limesimama katika mfupa wa taya kama nguzo ya nyumba iliyochimbiwa ardhini. Katika watu wengine, uvimbe ukikaa muda mrefu hushuka chini kufuata mzizi, ufizi ukaachana na jino na kufanya kama mfuko, na mfupa ukaliwa kidogo kidogo. Nguzo haipigi kelele udongo unapoliwa na maji; husimama vile vile mpaka siku inapoinama. Ndiyo maana jino la baba yangu lilitoka bila maumivu. Mfupa uliokwisha liwa haurudi kwa kupiga mswaki. Mganga huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee mbele, na hilo ni jambo kubwa, lakini aliyechelewa hubaki na kilichobaki. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika fizi, hata ukuta wenyewe hauna fundi wa kuujenga upya kama ulivyokuwa.

JE, SI UZEE TU?

Nawajua wazee watakaoniambia, "Babu yangu hakupiga mswaki maisha yake yote, akafa na meno yake." Nawaamini. Lakini sikilizeni habari zilizotoka kwetu wenyewe. Mwaka 1988 wataalamu Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 katika wilaya ya Machakos, wenye umri tangu miaka 15 mpaka 65. Ukoga na fizi zilizovimba vilionekana kwa wingi. Lakini madhara makubwa hayakugawanyika sawa. Yaliwapata zaidi watu wa sehemu fulani tu, na wengine waliponea.

Ndivyo ilivyoonekana na katika nchi ya Sri Lanka. Huko Löe na wenzake waliwafuatia wanaume 480 wa mashamba ya chai tangu mwaka 1970, kwa muda wa miaka 15. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata mganga wa meno. Taarifa yao ya mwaka 1986 yasema ya kuwa katika kila watu 100, kama 8 hivi waliharibikiwa upesi sana, 81 waliharibikiwa kwa kiasi, na 11 hawakuvuka ile hatua ya kwanza ya ufizi kuvimba. Uchafu wa kinywa ulikuwa mmoja, lakini watu hawakuadhibiwa sawa.

Basi babu yule aliyekufa na meno yake huenda alikuwa katika wale 11. Je, wewe u katika fungu gani? Kioo hakikuambii. Baba yangu hakujua fungu lake mpaka jino lilipobaki katika gunzi. Kwa sababu hiyo mwenye busara hufanya kama kwamba yu katika wale 8, apige mswaki na kwenda kuchunguzwa. Akionekana kuwa katika wale 11, hakupoteza kitu.

Wala tusijidanganye ya kuwa ni ugonjwa wa watu wachache wa mbali. Katika uchunguzi wa afya ya kinywa wa taifa letu la Kenya, ambao taarifa yake ni ya mwaka 2015, karibu watu wazima wote waliochunguzwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ndiyo kusema ya kuwa katika ukumbi huu walio wengi kati yetu wana neno la kufanya.

MANENO YANAYOPOTEZA WATU

Kwanza, wengine husema fizi zikitoka damu ni kiseyeye, dawa yake ni machungwa na malimau. Neno hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 1747 mganga wa merikebu Mskoti, James Lind, aliwajaribia mabaharia 12 waliougua kiseyeye, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Mtu asiyepata matunda wala mboga kwa miezi mingi huweza kupatwa na ugonjwa huo. Lakini wengi wetu twala maembe, mapapai na sukuma wiki, na fizi zatoka damu vile vile. Matunda ni mema kwa mwili, ila hayauondoi ukoga penye jino.

Pili, wako wanaosugua meno kwa mkaa uliosagwa, au kwa majivu, au kwa chumvi kavu. Hivyo hukwaruza jino na kuuchubua ufizi. Maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo hutuliza ufizi unaouma, nami siwakatazi kusukutua. Lakini maji hayo ni ya kutuliza, si ya kuponya.

Tatu, wengine hununua vidonge vya kuua vijidudu dukani, wakameza viwili vitatu damu ikapungua, wakadhani wamepona. Ukoga mgumu ungaliko pale pale. Vidonge hivyo vina mahali pake, lakini ni kwa agizo la mganga.

Nne, na neno hili limewazuia wengi, husemwa ya kuwa ukikwanguliwa ukoga meno hulegea. Nalilisikia mimi mwenyewe kabla sijaketi katika kiti kile. Ukweli ni huu: ukoga mgumu ukiwa mwingi hufanya kama udongo uliopigwa baina ya nguzo zilizokwisha legea. Ukiondolewa, mtu huona nafasi na kuhisi meno yanacheza, akalaumu kukwanguliwa. Lakini aliyelegeza ni ugonjwa uliokula mfupa. Baada ya ukoga kuondolewa, mara nyingi ufizi hukaza na meno hupata nguvu kidogo. Katika kinywa changu meno mawili yalikuwa yakicheza. Moja lilishindikana, likang'olewa. La pili ningali nalo, na jana usiku lilitafuna muthokoi.

WANAOPASWA KUANGALIA ZAIDI

Wako wenzetu ambao ugonjwa huu huwashika kwa nguvu zaidi, nami naomba wasikilize kwa makini.

Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa sukari. Sukari isipotawaliwa, fizi huharibika upesi, na fizi zikiharibika, sukari nayo huwa ngumu kutawala. Magonjwa haya mawili huandikiana barua. Mwanachama mwenye sukari na amwambie mganga wake habari za fizi zake, na mwenye fizi mbaya zisizopona naye na apimwe sukari.

Wa pili ni wavutaji wa sigara na watumiaji wa tumbaku. Sigara huharibu fizi, tena huficha damu, kwa kuwa fizi za mvutaji hazitoki damu sana. Kwa hiyo hukosa hata ile alama ya kumwonya, akajiona mzima. Kwa ugoro, hasa ule unaowekwa mdomoni, najua nawagusa wazee wangu, lakini nimekwisha kugusa: pale unapowekwa, ufizi hurudi nyuma, na kidonda au doa jeupe lisiloondoka mahali pale lapasa kuonyeshwa kwa mganga pasipo kukawia.

Wa tatu ni mama mja mzito. Katika miezi ile fizi huvimba na kutoa damu kwa urahisi. Wengine huambiwa waache mswaki mpaka wajifungue. Shauri hilo ni lile lile alilopewa baba yangu. Mama mja mzito na apige mswaki, tena aweza kutibiwa meno. Amwambie tu mganga hali yake.

Wa nne ni wale wanaotumia dawa fulani za kila siku, kama fenitoini ya kifafa, au nifedipini na amlodipini za shinikizo la damu. Dawa hizo kwa watu wengine huzifanya fizi kukua na kuvimba. Mtu asiache dawa yake kwa nafsi yake, maana shinikizo na kifafa ni hatari kubwa kuliko ufizi. Amwambie mganga, naye atajua la kufanya.

Nawataja na watoto wadogo, hasa wale wasiopata chakula cha kutosha na waliotoka kuugua surua. Mtoto wa namna hiyo akionekana ana ufizi uliovimba wenye kidonda, kinywa kinanuka vibaya, na shavu linaanza kuvimba, asingojee kesho. Iko ndwele iitwayo noma ambayo huanza katika ufizi na kula uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Mtoto akifikishwa hospitali mapema hupona. Akicheleweshwa, huweza kufa au kubaki na kovu la maisha.

KAZI YA KILA SIKU

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, nayo ni nyepesi. Piga mswaki mara mbili kila siku, na mara moja iwe usiku kabla ya kulala. Kila mara ichukue kama dakika mbili. Mswaki uwe wenye nywele laini. Uelekeze penye mpaka wa jino na ufizi, uuinamishe kidogo kuelekea ufizi, kisha uusogeze kwa mwendo mfupi na mwepesi, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, nje na ndani. Usisugue kama mtu anayesugua sakafu ya saruji. Nguvu nyingi huumiza, utaratibu ndio unaoondoa ukoga. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Baina ya meno mswaki haufiki. Pitisha uzi wa meno kila siku, au kiburashi kidogo mahali palipo na nafasi. Nywele za mswaki zikisha kupinda, au miezi mitatu ikipita, ununue mwingine. Na kila mtu wa nyumba awe na wake.

Asiye na mswaki wa dukani asijione maskini. Mti wa mswaki wa baba zetu ni chombo chema. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza utumizi wake mahali ulipo desturi. Ila utumiwe kwa adabu: kijiti kiwe kibichi, ncha itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, ikatwe na kufanywa upya inapochakaa, nacho kifikishwe na nyuma ya meno na penye magego, si mbele tu mahali panapoonekana na watu. Zamani wazee wa Ukambani walichonga meno ya mbele yawe makali kwa urembo. Watu waliostahimili uchungu ule kwa ajili ya meno yao hawakudharau kinywa, na sisi wana wao haitupasi kushindwa na dakika mbili.

Ukianza kupiga mswaki katika fizi zilizovimba, siku za kwanza utaona damu zaidi, na utasikia uchungu kidogo. Usiogope. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Endelea kwa upole, na baada ya juma moja au mawili damu yapasa ipungue. Isipopungua kwa muda huo, au ukiona usaha, meno yanacheza, au ufizi umeachana na jino, nenda ukachunguzwe na kukwanguliwa ukoga. Ukiona damu yatoka yenyewe bila kuguswa na haikomi, au una alama za damu mwilini na puani pia, nenda hospitali upesi, maana huenda sababu haiko katika meno. Na mwenye uso uliovimba, mwenye homa, au asiyeweza kumeza au kufungua kinywa, aende siku hiyo hiyo.

Si kila zahanati iliyo na mtaalamu wa meno. Uliza kwanza, kisha uende kituo cha afya au hospitali ya serikali inayotoa huduma hiyo. Na ufikapo, usiseme tu, "Ning'oe." Uliza kama jino laweza kuokolewa.

MAOMBI YANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, sikupenda kusema mengi na kuwaacha wanachama bila kazi. Naomba mambo matatu yafikiriwe na Kamati.

La kwanza, kila tawi liandike barua kwa kituo cha afya kilicho karibu nalo, liombe mtaalamu wa meno aje siku moja awafundishe wanachama na kuwachunguza.

La pili, Mfuko wa Misaada wa Chama chetu husaidia wanachama wanapong'olewa meno na wanapotaka meno ya bandia. Naomba usaidie na gharama za kukwangua ukoga. Twalipa ukuta, na ufa hatuulipii. Bwana Mweka Hazina ajua hesabu kuliko mimi, naye na apime lipi lenye gharama kubwa kwa Mfuko.

La tatu ni la wazee, wala halitaki fedha. Wazee wakianza kusema waziwazi katika nyumba zao, "Fizi zangu hutoka damu, nami nakwenda kutibiwa," vijana watajifunza kutoona haya. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Baba yangu hakufa kwa fizi, lakini aliificha hali yake mpaka tukamkosa barazani miaka mingi kabla ya kumzika. Baada ya yeye kuacha kwenda, palitokea daawa ya mpaka ambayo yeye peke yake ndiye aliyeijua asili yake. Nalitumwa mimi na maneno yake, nami nilikuwa kijana. Maneno ya mzee katika kinywa cha kijana hayana uzito ule ule, na daawa ile haikwisha vizuri.

Sitaki jambo hilo limpate mzee mwingine wa Chama hiki. Kesho asubuhi, kila mmoja wetu na autazame mswaki wake. Akiona damu, akumbuke ya kuwa ameitwa, na asigeuze uso.

 

(Baada ya hotuba mzee mmoja aliuliza kama mtu aliyekwisha poteza meno mengi ana faida gani ya kupiga mswaki. Msemaji alijibu ya kuwa meno yaliyobaki ndiyo yanayoshika kazi ya yale yaliyokwenda, kwa hiyo yastahili kutunzwa zaidi; na mwenye meno ya bandia ayatoe usiku, ayasafishe, na asafishe fizi pia. Mama mmoja aliuliza kama mtoto apigwe mswaki tangu umri gani. Akajibiwa: tangu jino la kwanza linapotokea, kwa mswaki mdogo laini na dawa kidogo mno. Mkutano ulikubali maombi yote matatu yapelekwe mbele ya Kamati.)